Safari ya Kikundi Mlimani: Tupange Kurudi Kabla ya Kwenda



Mto Ewaso Nyiro ukikauka huku kwetu, wazee husema, "Maji yamekatwa juu." Vijana nao huuliza: juu ni wapi? Nani amekata? Na sisi tumewahi kwenda kumwuliza? Swali hilo si geni. Kuanzia 2013 watu wa bonde la mto huu wamefanya misafara ya ngamia, wakitembea kando ya maji na kuzungumza na jirani zao. Sasa vikundi vingine vinaweka pesa kidogo kidogo ili wanachama wakodi gari, wapande hadi Mlima Kenya, walale huko kwenye hema, na wajionee kwa macho yao mahali mto unapoanzia.

Wazo hili ni zuri na sisi tunaliunga mkono. Lakini tuseme ukweli: safari hii si kama ya kwenda soko la Isiolo. Kuna barabara mbovu, kuna laga, kuna mwinuko mkali wa mlima, na kuna baridi ambayo wengi wetu hatujawahi kuionja. Watu kumi na sita wakiondoka nyumbani, ni lazima watu kumi na sita warudi. Ndiyo sababu katika makala hii tunasisitiza neno moja: pangeni kurudi kwanza, halafu mpange kwenda.

1. TUNAENDA KUTAFUTA NINI?

Kabla ya kuzungumza juu ya gari, kikundi kiandike kwenye daftari sababu ya safari. Isiwe "kutembea tu". Mfano: "Tunataka kujua maji yanagawanywaje huko juu wakati wa kiangazi, na tuwaeleze wenzetu wa juu hali yetu ya huku chini."

Maji ya Ewaso Nyiro yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mito midogo kama Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Timau inachangia mto mkubwa, nao unapita Archer's Post, Gotu na Merti mpaka kinamasi cha Lorian. Wengi hudhani kwamba mto unategemea barafu ya mlima. Ni kweli barafu imepungua sana, lakini maji mengi ya mto yanatokana na mvua inayonyonywa na msitu na kuachiliwa pole pole. Kwa hiyo mkifika huko, msiangalie kilele tu. Angalieni msitu, mifereji, mabomba na mashamba.

Huko juu kuna vyama vya watumiaji maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji, ile ya 2002 na hii ya 2016. Waandikieni mapema mkiomba kukutana nao. Mgeni anayebisha hodi hupokelewa vizuri kuliko anayeingia na malalamiko. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, uliumiza watu wa juu na wa chini. Hapo mna jambo la kuzungumza pamoja.

Tena, wanaochaguliwa kwenda wasiwe maofisa wa kikundi peke yao. Wawepo wanawake wachotaji maji, wachungaji, na angalau kijana mmoja wa kuandika. Chagueni watu ambao wakirudi watasema waliyoyaona.

2. TWENDE WAKATI GANI?

Mlima Kenya una misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo njia za mlimani ni tope tupu, na laga zetu pia hujaa. Miezi inayofaa zaidi ni Januari na Februari, tena Julai hadi Septemba. Hata hivyo mlimani mvua inaweza kunyesha siku yoyote, hasa mchana na jioni. Kwa hiyo kazi ya kupanda ifanywe asubuhi.

Angalieni pia kalenda ya watu. Msiweke safari ndani ya Ramadhani, wala juma la Pasaka, wala wakati mifugo inahamishwa. Wanachama wetu ni Waislamu na Wakristo, na safari inayowaacha wengine nje si safari ya kikundi.

3. NJIA NA MAHALI PA KULALA

Njia ni Garbatulla, Kula Mawe, Isiolo, kisha mnapanda mpaka njia panda ya Subuiga. Hapo msishike ya Meru, mnaelekea Timau. Mkipita Timau, kabla ya kufika Nanyuki, kuna njia ya kushoto inayopanda hadi lango la Sirimon la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya. Upande huu wa mlima ni mkavu kuliko upande wa Chogoria, ambako njia ya msituni inajulikana kwa tope lake. Kwa kikundi cha mara ya kwanza, Sirimon ni afadhali.

Kutoka Garbatulla hadi langoni inakaribia kilomita 200. Mtu anaweza kusema, "Hiyo ni siku moja tu." Ndiyo, gari linaweza. Mwili je? Garbatulla iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Sirimon liko kama mita 2,650. Kambi ya Old Moses, mbele ya lango, iko kama mita 3,300. Mtu akitoka kwenye joto letu asubuhi na kulala mita 3,300 usiku huo huo, anatafuta ugonjwa. Sisi tunashauri mpango huu:

Siku ya kwanza: Garbatulla hadi Timau. Ombeni mapema uwanja wa shule au wa kanisa wa kupiga hema.

Siku ya pili: Asubuhi mkutano na watumiaji maji. Alasiri mnapanda langoni na kupiga kambi hapo. Fikeni kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu lango hufungwa.

Siku ya tatu: Asubuhi mnapanda hadi Old Moses, mnatazama, mnarudi kulala langoni. Watu wa mlima wana kanuni: panda juu, lala chini.

Siku ya nne: Mnaondoka alfajiri kurudi nyumbani, ili giza lisiwakute kati ya Isiolo na Garbatulla.

Hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Malipo ya kuingia na ya kambi hayapokelewi kwa pesa taslimu langoni; yanalipwa kupitia eCitizen. Lipeni mkiwa Isiolo ambako mtandao ni mzuri, na mchapishe risiti kwenye karatasi. Ulizeni pia kama njia ya kupanda Old Moses iko wazi kwa magari wiki hiyo. Kama haiko, mtatembea kwa miguu. Wenye nguvu watakwenda, wengine watabaki kambini.

4. GARI NA DEREVA

Pelekeni magari mawili, hata kama watu wangeenea kwenye moja. Gari moja likikwama, la pili ndilo msaada. Yote mawili yawe ya kuvuta kwa magurudumu manne, na yawe na gia nzito.

Msikodi gari kwa kusikia sifa. Nendeni mkalione siku kumi kabla, mkiwa na fundi. Aangalie breki, klachi, springi, redieta, feni belti, betri na matairi yote pamoja na spea. Liendesheni kilomita ishirini na kupanda mlima mdogo. Likichemka hapo, litachemka zaidi mbele.

Kuna jambo ambalo watu wa tambarare hatulijui. Injini pia inahitaji hewa. Kadiri mnavyopanda, hewa inapungua, na injini isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila mita 1,000. Gari linaloenda vizuri huku likiwa limejaa laweza kushindwa kule likiwa na mzigo ule ule. Basi pakieni kwa kipimo cha mlima, si kwa kipimo cha tambarare.

Dereva awe amewahi kuendesha njia za mlimani. Mwulizeni swali hili: "Ukishuka mteremko mrefu unafanyaje?" Akijibu kwamba anakanyaga breki mpaka chini, tafuteni mwingine. Dereva anayejua atasema anaingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, na injini ndiyo inayozuia gari. Breki zikipata moto sana hushindwa kabisa.

Someni bima. Mara nyingi bima ya gari la mizigo haiwahesabu watu waliokaa juu ya mzigo. Tumezoea kupanda lori hivyo, lakini mtu akianguka familia yake inabaki mikono mitupu. Na mwandike mkataba na mwenye gari: siku ngapi, nani analipa dizeli, nani analipa gari likiharibika, dereva atalala wapi na kula nini. Dereva asiyelala vizuri ni hatari kuliko tairi kuukuu.

Vifaa vya kubeba katika KILA gari: jeki na ubao wa kuiwekea chini isizame, spea, sepeto, panga, kamba imara ya kuvutia, pampu na kipimo cha upepo, tochi, feni belti ya akiba, oili, na maji ya redieta. Tunasema kila gari kwa sababu mara nyingi jeki huwa kwenye gari lililotangulia, na pancha huwa kwenye la nyuma.

Kwenye mchanga wa laga, dereva apunguze upepo wa matairi kidogo ili yakanyage mchanga kwa upana. Mkitoka mchangani, pampu upepo tena kabla ya kushika mwendo wa barabara kuu. Tairi laini kwenye lami hupasuka.

5. HESABU

Kikundi kinachojua hesabu hakidanganywi. Hebu tuchukulie watu 16 pamoja na madereva, magari mawili, watu 8 kila gari.

Dizeli. Tuchukulie gari linakwenda kilomita 8 kwa lita moja kwenye lami, 6 kwenye njia mbovu, na 4 kwenye gia nzito mlimani. Kwenda na kurudi:
- Lami kilomita 160, gawa kwa 8: lita 20
- Njia mbovu kilomita 240, gawa kwa 6: lita 40
- Mlimani kilomita 48, gawa kwa 4: lita 12
- Jumla: lita 72
- Ongeza robo ya akiba: lita 18
- Kila gari: lita 90

Zidisheni kwa bei ya siku hiyo. Kilomita zenu zinaweza kutofautiana kidogo, kwa sababu barabara hubadilika. Mwulizeni dereva anayepita kila wiki. Ile robo ya akiba si ya mchezo. Ni ya kuzunguka laga iliyojaa au kumpeleka mgonjwa.

Maji. Kwenye joto la huku chini, hesabuni lita 5 za kunywa kwa mtu kwa siku, na mbebe za siku mbili hata kama mnatarajia kufika siku moja. Watu 16 mara 5 mara 2 ni lita 160, yaani jerikeni 8 za lita 20. Gawanyeni nne kwa kila gari. Msiweke zote kwenye gari moja, maana hilo hilo ndilo laweza kubaki nyuma. Mlimani maji yapo, lakini yachemsheni kabla ya kunywa. Na siku ya kurudi jazeni tena jerikeni zote kabla ya kuondoka Isiolo.

Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa kila gari: watu 8 kwa kilo 65 ni 520; mizigo yao kilo 10 kila mmoja ni 80; maji 80; dizeli ya akiba lita 40 ni kama kilo 34; chakula na vyombo 60; hema na blanketi 40; vifaa vya gari 50. Jumla kilo 864. Linganisheni na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukizidi, punguzeni mizigo au watu. Vitu vizito viwekwe chini, si juu ya paa, maana gari lenye mzigo mzito juu hupinduka upesi kwenye kona.

Pesa. Gawanyeni pesa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la safari: gari, dizeli, kiingilio, chakula. Fungu la pili ni la KURUDI: dizeli ya kutoka Timau hadi nyumbani, fundi, na hospitali. Fungu hili la pili lishikwe na mtu mwingine, si mweka hazina wa safari, awe nalo kwenye simu yake au bahasha iliyofungwa. Haliguswi kwa nyama wala soda. Likibaki, linarudi kwenye sanduku la kikundi. Kila matumizi yapate risiti au kuandikwa daftarini na kutiwa sahihi na watu wawili.

Pesa za mkopo wa wanachama zisiguswe kwa safari. Afadhali kungoja msimu mwingine kuliko mama mmoja kukosa mkopo wa duka lake kwa sababu wengine walikwenda kuona mlima.

6. AFYA

Wiki moja kabla, kila msafiri apite kwenye zahanati. Wenye presha, ugonjwa wa moyo, pumu au upungufu wa damu wapate ushauri wa daktari kwanza. Wenye ugonjwa wa selimundu na akina mama wajawazito wasipande. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Si kuwabagua, ni kuwalinda.

Ugonjwa wa mlima unaanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuchoka na kukosa usingizi. Mtu mwenye dalili hizi asipande zaidi. Apumzike, anywe maji, na akizidi ashushwe. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, msingoje asubuhi. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, hata usiku, kisha hospitali. Kwa sababu hiyo gari moja lilale likiwa limegeuzwa kutazama njia ya kushukia, lina dizeli, na dereva anajua ufunguo uko wapi.

Pia msisahau malaria. Sisi tunatoka mahali penye mbu. Mtu mwenye homa na kichwa mlimani huenda ana malaria aliyokuja nayo. Akipata homa apimwe, msimpe dawa kwa kukisia.

Baridi ni adui wa pili. Usiku, kwenye mita 2,650 na kuendelea, kikoi na shuka moja havitoshi kabisa. Kila mtu awe na sweta mbili, koti, soksi, kofia ya kufunika masikio, viatu vilivyofungwa, na blanketi mbili nzito. Chini ya hema pawe na turubai, halafu godoro jembamba au hata magunia makavu, kwa sababu baridi nyingi hutoka ardhini. Nguo zikilowa, badilisheni mara moja. Anayetetemeka bila kukoma na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka avuliwe nguo za maji, afunikwe pamoja na mwenzake, na apewe chai tamu ya moto kama anaweza kumeza.

7. KAMBINI

Chakula. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwenye mita 3,300 huchemka kwenye nyuzi 89 hivi badala ya 100. Maharage na githeri zitawatesa. Pikeni maharage nyumbani au mbebe vyakula vya kuiva upesi: unga wa uji, mchele, chapati zilizopikwa, mayai, na chai. Nyirinyiri zetu ni chakula bora cha safari. Hazihitaji jiko, na Waislamu wote wanajua zimechinjwa na nani.

Moto. Msikate kuni hifadhini wala msiwashe moto wa wazi. Machi 2012 moto mkubwa uliunguza eneo pana la mlima huu. Tutawaambiaje watu wa juu watunze msitu ikiwa sisi tumeuchoma? Bebeni jiko la gesi au la mafuta ya taa, na msiliwashe ndani ya hema hata baridi ikiwaje. Hewa yake huua watu usingizini.

Wanyama. Ndovu, nyati na fisi wapo. Chakula kisikae ndani ya hema. Usiku mtu asiende chooni peke yake. Waende wawili na tochi.

Heshima. Hema za wanawake na wanaume ziwe mbali mbali, na choo kijulikane. Nyakati za sala ziandikwe kwenye ratiba tangu nyumbani, ili dereva asimame bila kuombwa. Kupika na kuosha vyombo kugawanywe kwa zamu, wanaume pia. Akina mama hawakuchanga pesa zao ili wakawe wapishi mlimani. Takataka zote zirudi nanyi kwenye gunia.

8. LAGA IKIJAA

Hapa tuwe wakali kidogo. Mvua ikinyesha Nyambene, laga ya huku chini inaweza kujaa hali jua linawaka na hakuna hata wingu juu yenu. Maji yenye kina cha sentimita 30, chini kidogo ya goti, yanaweza kuelea gari dogo. Sentimita 60 yanaweza kulibeba gari kubwa, hata lenye kuvuta kwa magurudumu manne.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya Wakatoliki na jamaa wakielekea harusini lilisombwa katika Mto Enziu, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, walikutwa na maji ya ghafla, na 7 wakafa. Wote hao walikuwa watu kama sisi, wametoka na kikundi, wana furaha.

Basi sheria yetu ni hii: maji yakienda kasi, hatuvuki. Hatutumi mtu kupima kwa miguu. Tunageuza gari, tunaegesha mahali palipoinuka, tunangoja. Maji ya laga huja kwa hasira na hupungua. Saa sita za kungoja hazijawahi kumwua mtu mwenye maji ya kunywa na nyirinyiri. Wala msipige kambi ndani ya laga, hata mchanga wake ukiwa laini namna gani.

9. NANI ATASEMA "TURUDI"?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na vikundi vingi havilizungumzi. Njiani kila mtu ana haraka. Aliyelipa anataka kufika. Dereva hataki kuonekana mwoga. Mwenyekiti anaogopa kulaumiwa. Kijana anasema, "Tumekaribia." Kila mmoja moyoni anaona hatari, na hakuna anayefungua mdomo.

Kwa hiyo mkutano wa kikundi, mkiwa bado nyumbani, uamue mambo manne na kuyaandika:

Kwanza, chagueni msimamizi mmoja wa usalama. Asiwe mwenyekiti wala dereva. Akisema turudi, tunarudi. Mjadala utafanyika nyumbani.

Pili, dereva naye ana haki ya kukataa. Akisema gari halipiti, hakuna wa kumlazimisha.

Tatu, wekeni saa ya mwisho. Mfano: "Siku ya tatu, saa sita mchana ikifika popote tulipo, tunageuka." Saa haijui aibu wala haibembelezwi.

Nne, andikeni dalili za kugeuka: laga imejaa, gari moja limeharibika breki, mtu mmoja ana dalili kali za ugonjwa, dizeli imebaki ya kurudi tu, au kuna habari za ukosefu wa usalama njiani.

Kisha acheni karatasi nyumbani yenye majina ya wasafiri, nambari za magari, njia, mahali pa kulala kila usiku na saa ya kurudi. Nakala moja kwa chifu, moja kituo cha polisi, moja kwa mtu wa kikundi aliyebaki. Huyo aliyebaki apigiwe simu kila jioni kutoka mahali penye mtandao. Asiposikia neno mpaka asubuhi, anajua wa kumwarifu. Njiani magari yasipoteane. La mbele lihakikishe linaona taa za la nyuma, na likikosa kuziona lisimame.

Kugeuka si kushindwa. Mlima hauhami. Kikundi kilichorudi salama kitachanga tena mwaka ujao. Kikundi kilichozika wanachama wake huvunjika.

10. MKISHARUDI

Katika siku saba iteni mkutano. Mweka hazina asome hesabu zote, pamoja na fungu la kurudi. Waliokwenda waeleze waliyoyaona: maji yanachukuliwa wapi, kwa zamu gani, nani analinda msitu, na watu wa juu wanasema nini juu yetu. Amueni jambo moja tu la kufanya kwanza. Huenda ni kuwaalika wale wenyeji wa mlima waje waone Gotu na Merti wakati wa kiangazi. Nao wanastahili kujua maji yao yanaishia wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Sababu yetu ya safari ni nini? Tuandike kwa sentensi moja.
2. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye watu wangemsikiliza akisema "turudi"? Kwa nini?
3. Tumewahi kuvuka laga iliyojaa kwa sababu ya haraka? Ni nani alitaka kukataa akanyamaza?
4. Fungu la kurudi litakuwa shilingi ngapi, na litashikwa na nani?
5. Kama mvua itaharibu safari mwaka huu, pesa zitakaa wapi mpaka mwaka ujao?

Jadilianeni bila haraka. Mwenda pole hajikwai. Kikundi kikishajibu maswali yote matano na kuyaandika, njooni na daftari lenu ofisini kwetu tupitie hesabu pamoja, kabla hamjampa mwenye gari hata shilingi moja.